Mlio Mfupi wa Kompyuta ya Mzee Pasi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu ambalo mguu wake mmoja umefungwa waya, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka lililofungwa miaka mingi. Mbele yake ni jiko la mkaa la Birika, muuza kahawa, ambaye jina alilopewa na wazazi wake limeshasahaulika, na huenda hata yeye akiitwa kwa jina hilo asiitike. Pembeni, chini ya turubai, ndipo Mzee Pasi anapofua na kunyoosha nguo za watu wa ofisini. Kijiwe hiki kina utaratibu wake. Tatizo la mtu huletwa pale kwa mdomo, hutengenezwa pale pale kwa mdomo, na hakuna anayeinua makalio kwenda kulitazama. Pampu za maji, ndoa, magoti, paa zinazovuja, vyote vimeshatibiwa kwenye benchi hilo, na waliopona mpaka leo hawajajitokeza. Asubuhi hii zamu ilikuwa ya Mzee Pasi, maana alikuwa amesinzia akiwa amesimama na pasi mkononi, na harufu ya kola ya shati la mteja ndiyo iliyomwamsha.

— Limeungua hilo, Birika alisema bila hata kugeuka.

— Limeungua, Mzee Pasi alikubali.

Aliitazama ile alama ya kahawia kwenye kola, akakosa hata nguvu ya kujilaumu. Alilikunja shati, akaliweka chini kabisa ya rundo, akaja kukaa.

Kwenye benchi walikuwapo wawili wa kila siku. Mmoja ni Fundi Waya, mtengeneza redio na feni, mtu mpole mwenye begi la bisibisi ambalo haliachi hata akienda msibani. Wa pili wanamwita Bunge. Zamani alikuwa karani. Alistaafu kazi, maneno hakuyastaafu.

— Imelia tena? Fundi Waya aliuliza.

— Imelia.

— Saa zile zile?

— Usiku wa manane, usingizi ndiyo kwanza unakolea. Tung. Basi. Ukishaamka unakaa unaisubiri. Ukiisubiri hailii. Ukisema sasa nilale, tung.

— Na ulikuwa umeizima? Fundi Waya aliuliza.

— Imezimwa siku nyingi. Mama watoto ameifunika na kitambaa.

Kompyuta hiyo ilikuwa ya binti yake mkubwa. Alipopata kazi ng'ambo aliiacha sebuleni, juu ya meza ya kulia chakula, akawafundisha wazazi wake jambo moja tu: mkisikia inaita, bonyezeni hapa, mtaniona. Kitufe chenyewe kilikuwa kwenye kioo, chini, upande wa kulia. Kila Jumapili ilikuwa ikiita kwa mlio mrefu wa kuimba, Mzee Pasi anabonyeza, na uso wa binti unatokea. Mpaka Jumapili ile binti aliposema kwamba hata safari hii hataweza kuja, kazi zimembana. Mzee Pasi hakugomba. Alisema tu, "Sawa, mama," kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema sawa, na kabla binti hajamaliza kueleza, akabonyeza kitufe na uso ukapotea.

Tangu siku hiyo mlio mrefu haukusikika tena. Siku zile zile simu ya mkewe ikatumbukia kwenye beseni la kufulia, ikafa na namba zote, na laini waliyonunua baadaye binti haijui. Wakakaa wakisubiri yeye awatafute. Katika kusubiri huko ndipo ulipoanza huu mlio mfupi, ambao hakuna aliyejua unatoka wapi wala unataka nini. Kijiweni Mzee Pasi alileta mlio peke yake. Habari ya uso uliozimika aliiacha nyumbani.

Leo ilikuwa siku ya mwisho. Walishakubaliana kwamba wakimaliza kahawa, Mzee Pasi ataipakia ile kompyuta kwenye mkokoteni wake wa nguo, ataileta hapa, na Fundi Waya ataifuta yote, ibaki tupu kama ilivyotoka kiwandani. Kila kilichomo kitakwenda, na mlio utakwenda nacho. Mzee Pasi hakuwa na furaha na mpango huo, ila alitaka kulala.

— Kabla sijafuta, Fundi Waya alisema, nipitie tena dalili. Sipendi kufuta kitu cha mtu bila kujua kinaumwa nini. Waya wa spika mlichomoa?

— Mama watoto alichomoa.

— Ikawaje?

— Ikanyamaza.

— Basi si mmepona?

— Usiku ule ule akaamka akaurudisha.

Benchi lote likamgeukia.

— Kwa nini sasa? Bunge aliuliza.

— Anasema binti akipiga, ule mlio mrefu tutausikiaje.

Birika aliinama kuchochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa. Walimjua huyo binti; alikuwa akipita hapo na begi la shule, akiwaamkia mmoja mmoja mpaka benchi liishe. Fundi Waya alikohoa kidogo, akaendelea na kazi yake.

— Na waya wa ukutani?

— Huo siugusi. Aliniambia, baba, kamwe usichomoe ukutani, utaiua. Alichonikataza ni hicho kimoja, nami sijawahi.

— Kuna taa yoyote inawaka?

— Kwenye sanduku la chini kuna kijitaa cha kijani. Lakini hicho kinawaka siku zote. Hata friji ina kijitaa.

— Hicho ni cha kawaida, Fundi Waya alisema kwa uhakika wa mtu aliyefungua redio maisha yake yote. Basi mimi nasema ni mabaki. Umeme hubaki ndani. Redio kubwa ukiizima, si unaisikia inaguna kidogo? Kompyuta nayo ina vyumba vya kutunza umeme. Vimejaa, vinamwaga kidogo kidogo. Kikimwaga kimoja, tung.

— Muda wote huu vinamwaga? Birika aliuliza.

— Inategemea ukubwa wa vyumba.

Bunge aliweka kikombe chini na kupangusa midomo. Hivyo ndivyo anavyoomba nafasi ya kuzungumza, na hajawahi kusubiri apewe.

— Nyinyi mnacheza. Mimi nimekaa na kompyuta ofisini mpaka tukaagana, na nawaambia haitoi sauti bila sababu ya kiutawala. Ile inaripoti. Kila usiku inawapelekea walioitengeneza: mwenye nyumba amelala, mke amelala, paka ametoka.

— Hatuna paka, Mzee Pasi alisema.

— Basi inaripoti kwamba hamna paka.

— Panya je, mnao? Birika aliuliza.

— Panya nani hana.

— Ndiye huyo. Anapita juu ya kibodi, anakanyaga, tung. Kwangu panya alishawahi kuwasha redio alfajiri, tukasikiliza taarifa ya habari nyumba nzima bila kupenda.

— Panya gani anakuja wakati ule ule kila siku? Mzee Pasi aliuliza kwa uchovu. Usiku wa manane mara moja. Halafu alfajiri, kabla sijaenda kuteka maji, mara moja tena. Jumapili ndiyo inazidi. Tung, tung, tung, unasema labda kuna mtu mlangoni.

— Panya mwenye ratiba, Birika alisema. Wapo.

— Jumapili, Bunge alirukia. Hapo sasa mmenisaidia. Jumapili ofisi zimefungwa, njia za mtandao ni nyeupe. Ripoti zote zilizolimbikizwa wiki nzima zinaondoka siku hiyo. Hata sisi ofisini tulikuwa tunalimbikiza hivyo hivyo.

Wakati huo mwanamke mmoja alivuka barabara kutoka kwenye foleni ya duka la dawa, mwavuli umefungwa kwapani, uso wa mtu aliyekesha. Aliomba kahawa. Birika akamsogezea ile ncha ya benchi isiyocheza, kwa heshima, akamwambia akae, dawa zikiwa tayari wataita kutoka kule. Mwanamke akashukuru, akakaa, akashika kikombe kwa mikono miwili. Mazungumzo yalisita kidogo kwa adabu, kisha yakaendelea palepale yalipoachwa.

— Au zinaitana, Fundi Waya alisema. Ile mashine ya duka la dawa ikizimwa usiku, ya kwako inaiaga.

— Ya duka la dawa ni ndogo hiyo, Bunge alisema. Sema zile zinazozunguka angani. Ikipita juu ya paa lako, inasalimia.

— Inasalimia kitu kilichozimwa?

— Wewe ukiwa umelala, watu hawakusalimii? Hawajui umelala. Wanasalimia tu.

Mzee Pasi alifikicha macho. Yalikuwa yanamwasha kama yameingia sabuni. Alitamani mtu mmoja tu kati yao aseme sijui, akanywe kahawa yake kwa amani, lakini neno hilo halijawahi kutamkwa kwenye benchi lile.

— Mimi niwaambie ninavyoona, Birika alisema, na safari hii hakutania. Imemzoea mwenyewe. Kitu kikizoea mkono wa mtu hakitulii akiondoka. Cherehani ya marehemu mama, tulipoipeleka kwa dada, haikushona tena sawasawa. Kompyuta ile inamtafuta yule mtoto.

Mzee Pasi alitazama barabarani. Kulikuwa na gari la maji linapita, na alilitazama mpaka likaisha.

— Ingekuwa ni hivyo, alisema, hata sisi wawili mngetusikia tunalia tung.

Hakuna aliyecheka. Bunge, ambaye hawezi kuona ukimya mahali akauacha, akaona ni wakati wa kutoa kubwa lake.

— Sikiliza, ndugu yangu. Nilikuwa sitaki kukutisha. Wanakusanya usingizi.

— Wanakusanya nini?

— Usingizi. Huko duniani kuna matajiri hawalali, wana kila kitu ila usingizi. Sasa mashine inakaa sebuleni kwa maskini, inamwamsha. Tung. Ule usingizi uliokatika unakwenda wapi? Unavutwa na waya. Ndiyo maana unachoma mashati ya watu. Usingizi wako sasa hivi analalia mtu mwingine.

Fundi Waya alilitafakari jambo hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

— Kama umo ndani, alisema, nikifuta na wenyewe utafutika. Lakini angalau hautavutwa mwingine.

Akapakata begi la bisibisi, akalifungua.

— Nenda kailete, Mzee Pasi. Tuimalize.

Mzee Pasi aliweka mikono magotini ili ainuke. Yule mwanamke akakohoa.

— Samahani, baba zangu. Nimekaa nasikiliza, si adabu, lakini niulize. Ikilia hivyo, kioo kinaonyesha nini?

Bunge akamtazama Birika. Birika akamtazama Fundi Waya. Fundi Waya akamtazama Mzee Pasi.

— Kioo kimezimwa, mama, Mzee Pasi alisema. Ndiyo maana nasema nimeizima.

— Umezima kioo. Na lile sanduku lenye kijitaa, ulilizimia wapi?

Mzee Pasi alifikiri. Kidole gumba chake kilijikunja chenyewe, kikabonyeza hewani.

— Kitufe ni kimoja, alisema. Kile cha kwenye kioo.

Fundi Waya alifunga begi polepole, zipu yote, mpaka mwisho.

— Mzee Pasi, hicho ni cha kioo peke yake. Mashine ipo macho. Wewe umeifumba tu.

— Si uliniuliza imezimwa, nikasema imezimwa?

— Niliuliza. Ukasema. Nikaamini. Fundi Waya alisugua kipaji cha uso. Nimekuwa nikiitibu mashine iliyozimwa, kumbe inafanya kazi yake.

— Wa kwangu pia yuko mbali, mwanamke alisema. Mlio mrefu, anapiga. Mlio mfupi, ameandika. Akiandika mara moja, unalia mara moja. Kuna nani wenu aliye mbali?

Mzee Pasi aliangalia kidole chake. Birika ndiye aliyemjibia.

— Binti yake mkubwa.

Mwanamke aliweka kikombe chini, na alipoongea tena sauti ilikuwa ya upole, kitu ambacho kilikuwa kibaya zaidi.

— Kwa hiyo siku zote hizi amekuwa anaandika. Sasa yeye huko anajua hamsomi, au anadhani mnasoma na hamtaki kumjibu?

Hapo Bunge aliangalia ndani ya kikombe chake. Fundi Waya aliangalia viatu. Birika akainua birika kumwongezea mtu kahawa, mtu yeyote, akaliinamisha, na halikutoa kitu. Akaendelea kuliinamisha hivyo hivyo.

Mzee Pasi aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye turubai, akarudi, hakujua alikuwa amefuata nini.

— Pasi nitakuangalizia mimi, Birika alisema. Nenda.

— Nije? Fundi Waya aliuliza, naye alikuwa ameshasimama, jambo ambalo benchi lile halikuwahi kuliona.

— Njoo. Begi liache.

Wakashika njia ya nyumbani. Mzee Pasi alikuwa anahesabu moyoni, si siku, bali milio: ya usiku, ya alfajiri, ile ya Jumapili iliyofuatana akatupa shuka akatukana. Aliona aibu mbele ya mtu ambaye hakuwapo.

Mkewe alikuwa sebuleni anatenganisha nguo nyeupe na za rangi. Alipomwona fundi mlangoni, akaacha.

— Mmekuja kuichukua?

Mzee Pasi alivua kitambaa, akakikunja vizuri kama nguo ya mteja, akaweka kidole chini ya kioo, upande wa kulia. Akakaa hivyo kidogo. Kidole hicho hicho, kitufe hicho hicho. Akabonyeza.

Kioo kilichukua muda wake. Halafu mwanga ukaja, na ndani yake mistari, mingi, imepangana mpaka juu.

— Nisomee, alimwambia mkewe. Sina miwani.

Miwani ilikuwa mfukoni. Mkewe aliiona. Alisogea, akapangusa mikono kwenye kanga, akaanza kusoma kwa sauti ya chini.

— Ndiyo natoka kazini. Laleni salama. Halafu hapa: Mmeamkaje? Halafu: Natoka kazini sasa. Laleni salama. Mmeamkaje? Laleni salama. Baba, najua umekasirika. Mmeamkaje? Mama, simu yako haipatikani, nimejaribu sana. Laleni salama.

Alisimama kupumua. Fundi Waya alikuwa mlangoni, ameikodolea macho kalenda ya ukutani.

— Endelea, Mzee Pasi alisema.

— Leo Jumapili. Sitapiga, baba asije akalazimika kunizimia tena. Nimepika wali, umeungua chini. Hapa kuna baridi. Nimewaza nyumbani. Laleni salama. Mmeamkaje? Laleni salama. Mkewe alishuka mpaka mstari wa chini kabisa. Huu ni wa leo alfajiri. Mmeamkaje?

Mzee Pasi alishikilia ukingo wa meza. Mlio uliokuwa ukimtoa kitandani usiku wa manane, ukimwacha ameketi gizani akiulaani mpaka kunakucha, ulikuwa mtoto wake anamwambia alale salama.

— Baba, alisema, ingawa baba alikuwa yeye, na hakumalizia.

Mkewe alikuwa analia waziwazi, bila kujificha, huku anafuta kioo kwa ncha ya kanga kana kwamba ndicho kilicholowa.

— Inaandikwaje? Mzee Pasi alimuuliza Fundi Waya.

Fundi Waya alikuja, akamwonyesha mahali. Mzee Pasi alitoa miwani, akaivaa, akaanza kutafuta herufi moja moja kwa kidole kilichokakamaa kwa pasi. Ilichukua muda. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alisoma mwenyewe: Tumeamka.

— Bonyeza hiki kikubwa, fundi alisema.

Alibonyeza. Neno likapanda likajipanga chini ya maneno yote ya binti. Akatega sikio.

— Haikulia, Mzee Pasi alisema.

— Imelia kwake.

Mkewe alitazama saa ya ukutani, akapiga mahesabu kwa vidole.

— Jamani, huko sasa hivi ni usiku. Utamwamsha mtoto.

Mzee Pasi alivuta kiti, akakaa mbele ya kioo, mikono yote miwili akaiweka mapajani, mbali na kile kitufe.

— Aamke, alisema. Sisi tutamsubiri.